Led Zeppelin laivu: kanda ya shabiki ya 1970, ile ya 1977, au ya miksa? Nianze na ipi

KandaC90
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri maana nimezunguka wiki nzima sipati jibu. Baba mdogo kaniachia redio kaseti yake na boksi la kanda, ndo nilivyowajua Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, za studio nshamaliza zote sasa nataka laivu. Shida bando langu la kuungaunga, shoo moja ya masaa matatu ikiwa FLAC (faili la sauti lisilopoteza kitu) inakula giga moja na ushee, kwahiyo nachagua moja tu kwa mwezi huu. Nimebaki na nne: ya ukumbi wa Forum pale Los Angeles 4 Septemba 1970 wanayoiita Live on Blueberry Hill, ya Forum hapohapo 21 Juni 1977 inaitwa Listen to This Eddie, ya Cleveland 27 Aprili 1977 iliyotoka kwenye miksa (mashine ya kuchanganya sauti za jukwaani), na How the West Was Won ambayo ni rasmi kabisa. Hizo mbili za kwanza kuna mtu tu kakaa kwenye kiti na maiki yake karekodi. Je zinasikilizika kweli au watu wanajifanya wajuzi?

FundiRedio
Zinasikilizika. Ila elewa kwanza unachonunua kwa bando lako mkuu. Ya miksa inabeba kile kilichopita kwenye nyaya kwenda spika za ukumbini basi, kelele za watu hazimo, mwangwi wa ukumbi haumo. Ya Cleveland unamsikia Plant, mwimbaji wao, kama kakaa pembeni yako kwenye kochi, lakini muziki wote umekaa mkavu, kama unasikiliza mazoezi kupitia ukuta. Kanda ya shabiki ni kinyume chake, inabeba ukumbi mzima na mbaya yake ni kwamba kama jirani yake alikuwa mlevi basi na wewe utakaa na huyo mlevi masaa matatu.

Sasa hiyo ya 21 Juni 1977 ni habari nyingine. Aliyeirekodi ni Mike Millard, jamaa maarufu sana kwenye mambo haya (alifariki 1994), alikuwa anaingia ukumbini kakaa kwenye kiti cha magurudumu na hakuwa mlemavu, humo ndo alikuwa anaficha mashine, Nakamichi 550 na maiki za AKG. Nakamichi 550 sio kidude cha mfukoni, ni dude hasa. Kwahiyo ukisikia rekodi imetulia haitikisiki ujue mtu alikuja na vifaa vya maana na kiti cha kuvibebea.

Weka hedifoni, sikiliza wimbo wa kwanza, Bonham mpiga ngoma anavyogonga kile kiki cha chini unakisikia kinaenda kugonga ukuta wa nyuma kinarudi. Hicho kitu kwenye miksa hukipati hata uvae hedifoni za laki tano.

MzeeWaSanturi
Mimi nitapingana na fundi. Anza na 1970.

Mwaka 1977 Page, mpiga gita wao, alikuwa na usiku mzuri na usiku mbovu na vidole vingine vilikuwa vinaachia noti njiani, kweli tarehe 21 ulikuwa usiku mzuri, walipiga siku sita pale Forum mwezi ule na huo ulikuwa wa kwanza. Lakini 1970 walikuwa na njaa. Fikiria, albamu ya tatu ilitoka Oktoba 1970, shoo ni ya Septemba, maana yake wale watu ukumbini wanafunguliwa na Immigrant Song ya albamu hiyo na wengi wao hawajawahi kuisikia maishani. Usikilize ukumbi unavyokuwa pale. Hilo ndilo jambo ambalo rekodi rasmi haiwezi kukupa kijana wangu, kusikia watu wanausikia wimbo mara ya kwanza. Na mwishoni wanapiga Blueberry Hill ya Fats Domino, ndo jina lilipotoka.

Sauti yake sio safi kama ya Millard, sikatai. Inakwaruza kidogo juu. Utazoea baada ya nyimbo mbili.

KandaC90
Shikamoo mzee. Hivi walikuwa hawakamatwi hawa wanaorekodi?

MzeeWaSanturi
Marahaba. Meneja wao Peter Grant alikuwa baba wa miraba minne na alikuwa akiona maiki anaivunja yeye mwenyewe. Vancouver 1971 aliona mtambo akajua ni wa kurekodi magendo, akauvunjavunja, kumbe ulikuwa wa watu wa serikali waliokuja kupima kelele 😂

Zenji_Dada
Nyie mnabishana Zeppelin na mtoto wetu wa Mji Mkongwe mmemsahau. Knebworth 9 Agosti 1986, shoo ya mwisho ya Freddie Mercury na bendi yake Queen, vipande vimo kwenye albamu ya Live Magic lakini shoo yenyewe mwanzo mwisho unaipata kwa kanda za mashabiki tu. Na Queen wenyewe hawakuzionea haya, waliwahi kuziuza kanda za mashabiki kwenye tovuti yao. Haya endeleeni na Zeppelin yenu.

FundiRedio
Dada hilo uzi wake tufungue kesho, nina maneno mengi.

Buda_wa_Nairobi
Kabla hujashusha chochote angalia unashusha nini. Mimi nilishalipa pesa kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, akaniambia ni FLAC kutoka kanda ya kwanza kabisa, nikaifungua kwa programu ya kuonyesha masafa ya sauti nikakuta kila kitu juu ya kilohezi 16 kimekatwa kama kwa panga. Hiyo ilikuwa MP3 imevalishwa koti la FLAC, na MP3 ikishatupa kitu hakirudi hata uibadilishe mara ngapi. Nikamwandikia, akanibloki.

Pia uliza kanda imenakiliwa mara ngapi. Enzi zile mtu anamnakilia rafiki, rafiki anamnakilia wa kwake, kila ukinakili ule mvumo wa shhhh unaongezeka na sauti za juu zinafifia. Kanda ya sita ya shoo nzuri inazidiwa na kanda ya kwanza ya shoo ya kawaida.

FundiRedio
Na spidi! Hili watu wanalisahau. Betri zikiisha wakati wa kurekodi mota inakwenda polepole, sasa ukiicheza kwa spidi ya kawaida muziki unapanda juu, Plant anakuwa kama kameza puto. Chukua gita lako litune vizuri ucheze nao, kama kila noti yao inaangukia katikati ya fret mbili (vile vyuma vya shingoni mwa gita) ujue hiyo kopi haijarekebishwa. Tafuta nyingine.

Usiogope pia ukikuta wimbo umekatika ghafla. C90 ni dakika 45 kila upande, jamaa alikuwa anageuza kanda gizani huku anaangalia walinzi.

KandaC90
Hahaha mi nimekulia kwenye kuzungusha kanda na peni ya Bic hilo halinitishi. Sasa hiyo rasmi je?

Buda_wa_Nairobi
How the West Was Won ni tamu, usiku mbili za Juni 1972, Forum na Long Beach, wakaiachia 2003. Lakini wamechagua vipande bora kutoka usiku zote mbili wakashona. Ni kama picha ya harusi, kila mtu kapendeza hakuna aliyekonyeza jicho. Hiyo iko kwenye sehemu zote za kusikiliza, isikilize huko, FLAC yako itunzie ambayo huko haipo.

MzeeWaSanturi
Hapo nakubaliana na wewe. Halafu wakitaka kujua kanda ya mtu mmoja kwenye kiti inaweza kufika wapi, bendi ya Pink Floyd wameachia rasmi kanda ya huyohuyo Millard, ya Los Angeles 26 Aprili 1975, mwanamuziki Steven Wilson kaisafisha. Miaka hamsini baadaye. Kiti cha magurudumu kimeshinda.

KandaC90
Asanteni sana wakuu. Mzee samahani, nimeenda na ya 1977 kwanza, ya 1970 mwezi ujao naahidi. Imeshuka usiku kucha, nimeichomeka kwenye redio ya baba mdogo kwa waya. Aisee ule mdundo wa kwanza! Mama kaja mlangoni kauliza wageni gani hao wanapiga kelele hivyo.

Niko kwenye wimbo wa No Quarter, Jones wa kinanda anap

KandaC90
Umeme umekata. Simu ina 14%. Msiniambie kinachofuata.