Jina Ribeiro asili yake wapi? Brazil, Goa, mpaka Nairobi!

Kipara wa Temeke:
Wakuu habari za jioni. Jana nimekutana na picha ya Nairobi ya zamani, mzee ana ndevu zake na kofia amekaa juu ya pundamilia, narudia PUNDAMILIA, na tandiko kabisa, chini wameandika Dr Ribeiro. Mi nikajua Mbrazili maana kwenye mpira akina Ribeiro tumewasikia mpaka basi, sasa Mbrazili alifuata nini Nairobi enzi hizo? Jamaa wa ofisini ananiambia huyo Mgoa. Ndo nikazidi kuchanganyikiwa. Huo ni ukoo mmoja umesambaa dunia nzima au? Na maana yake nini? Wajuzi karibuni.

Chumbageni Asilia:
Mkuu ribeiro kwa Kireno ni kijito tu, kamto kadogo. Limetokana na Kilatini ripa, yaani ukingo wa mto, na Wahispania wana lao la ukoo huohuo, Rivera. Zamani Ureno kila kijiji kina João kibao, utawatofautishaje? Yule anayekaa kule kijitoni, basi keshapata jina, na watoto wake nao hivyohivyo hata wakihama. Kwetu Tanga mtaani tulikuwa na Asha wawili, Asha wa Mnazini na Asha wa Kisimani, kisima chenyewe kimefukiwa siku nyingi pamejengwa duka la simenti lakini wajukuu wa bibi yule mpaka leo ni "wale wa Kisimani". Ndo ilivyokuwa kwa Silva (msitu), Rocha (mwamba), Costa (pwani au mteremko), Serra (safu ya milima). Sasa Ureno vijito viko kila mahali, hasa kaskazini kule Minho mvua haikauki, kwa hiyo usitafute babu mmoja wa akina Ribeiro wote. Hayupo.

Mshamba_Mjini:
Nilisoma mahali majina ya miti na mito ni ya Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa 1497. Kwa hiyo Ribeiro = Myahudi.

Chumbageni Asilia:
@Mshamba_Mjini hiyo imezagaa sana mtandaoni ila haishiki. Walibatizwa kweli, na wengi walichukua majina ya kawaida ya Kireno, lakini ni hayohayo waliyokuwa nayo Wakristo wa siku zote. Jina peke yake halikuambii kitu.

Kipara wa Temeke:
Sawa ya kijito nimeelewa. Ila Mhindi wa Goa na kijito cha Ureno wapi na wapi?

Bint Baghani:
Ubatizo huo kaka. Wareno waliiteka Goa 1510 wakakaa mpaka 1961, ukibatizwa unapewa jina la msimamizi wako au la padri, ndo maana hata watu wa familia moja waliweza kutoka na majina tofauti. Brazil nako watumwa wengi walibebeshwa majina ya mabwana zao. Sri Lanka utakuta akina De Silva na Perera (hilo ni Pereira, mpeasi) na wengi wao hawana hata tone la Kireno. Jina lilisafiri, damu si lazima.

Huyo daktari wako ni Rosendo Ayres Ribeiro, Mgoa, alifika Nairobi mwaka 1900 mji wenyewe bado mabati na mahema ya reli, akawa anazunguka kutibu wagonjwa juu ya pundamilia wake. Yeye ndiye aliyeitambua tauni Indian Bazaar 1902, soko likachomwa moto lote. Baadaye shule ya Wagoa pale Parklands ikapewa jina lake. Wagoa walikuja wengi enzi za Mwingereza, makarani, mafundi cherehani, wapishi, na majina yao.

Kipara wa Temeke:
Duh. Ila mbona Wareno walikaa Mombasa miaka mia na hatuna Waswahili akina Ribeiro?

Bint Baghani:
Sisi dini ilishatangulia, hawakupata wa kuwabatiza wengi. Tena waliyemtegemea ndiye aliyewageuka! Yusuf bin Hassan, mtoto wa mfalme, walimlea Goa wakambatiza Dom Jerónimo wakamrudisha kutawala, 1631 akawaua Wareno ndani ya Fort Jesus akarudi kwenye Uislamu na jina lake. Wakatolewa ngome hiyo 1698, wakarudi kidogo 1728, mwaka uliofuata wakatolewa kabisa. Majina wakaondoka nayo, maneno wakatuachia: meza, kasha, leso, foronya, parafujo, na gereza ambalo kwao ni kanisa 😂 we fikiria mwenyewe waliona nini mule ndani.

Mshamba_Mjini:
Nimekubali yaishe. Swali la mwisho, yule Asha wa Kisimani angezaliwa Ureno naye angekuwa Ribeiro?

Chumbageni Asilia:
Hapana, kisima si kijito. Labda Fontes, chemchemi.

Bint Baghani:
Na angezaliwa Goa angeitwa jina la padri aliyekuwa zamu siku hiyo.