Naomba ushauri: ng'ombe hana mimba na baridi imeshafika

Habari zenu wakuu. Mimi mtu wa Singida, nimeoa Montana, Marekani, na tunaishi kwenye ranchi ya wakwe zangu. Huku ni mwisho wa Novemba. Ndama tumewatenga na mama zao wiki jana. Siku tatu hakulala mtu kwa makelele. Alfajiri kazi yangu ya kwanza ni kupasua barafu kwenye mabirika ya maji kwa shoka.

Juzi daktari wa mifugo alipima mimba. Wote wanazo isipokuwa mmoja, mweusi mwenye baka jeupe usoni, miaka tisa. Baba mkwe anataka aende mnadani kabla theluji haijakaza: atakula kama kilo 12 za majani makavu kila siku hadi Mei, na ndama hakuna. Hesabu yake naielewa. Ila huyu ndiye anayewaongoza wenzake zizini dhoruba ikija, tena (mnicheke tu) ndiye pekee anayeitika mluzi wangu wa nyumbani.

Waliowahi kumbakiza ng'ombe wa hivi, alishika mimba msimu uliofuata? Na mzee nimuanzeje bila kuonekana mkwe mbishi?