Nataka kwenda kufundisha Kiingereza Thailand, makaratasi naanzia wapi?

Mwalimu_wa_Moro:

Wakuu, habari za jioni. Ni mwalimu wa Kiingereza na Historia, shule binafsi hapa Morogoro, nina Shahada ya Elimu. Kuna shule ya msingi huko Nakhon Ratchasima wamenifanyia usaili kwa video, wamenikubali, wanataka nianze muhula wa Mei. Wametuma orodha: pasipoti, shahada halisi, transkripti, hati ya tabia njema ya polisi, cheti cha TEFL (kozi ya kufundisha Kiingereza kwa wageni wa lugha) cha saa 120 na matokeo ya mtihani wa Kiingereza.

Pasipoti ninayo. Shahada iko kwa mama Kilosa, ndani ya sanduku la nguo. Ninachoomba kusaidiwa ni haya. Kwanza TEFL: mtandaoni kuna kozi za bei ya soda na nyingine zinazokaribia mshahara wangu, zina tofauti gani? Pili, kuna wakala hapa Dar anasema nisihangaike, nimpe dola 1,200 atanitolea kibali cha kazi kabla sijapanda ndege, niingie kwa viza ya utalii. Tatu, jina. Cheti cha kidato cha nne kina herufi moja tu katikati, shahada ina majina matatu kamili, pasipoti nayo ina matatu ila jina la ukoo limekosewa herufi moja. Hili la tatu nadhani ni dogo, lakini nauliza tu.

Walioko huko nisaidieni. Mliokuja kucheka piteni salama.

kidumu_na_mfagio:

Sijacheka mwalimu. Ila watoto wa Kithai wakianza kusema "isn't it" kwa lafudhi ya Kiluguru, sisi hatupo.

Mama_Isaan:

Mdogo wangu, maswali yako umeyapanga kichwa chini miguu juu. Hilo dogo lako la tatu ndilo la kuanza nalo.

Huku Thailand anayesoma karatasi zako hajui ukoo wenu wala hajui kwamba karani aliteleza. Analinganisha herufi kwa herufi, na pasipoti ndiyo bwana wa karatasi zote. Cha kidato cha nne kiache, mimi hakuna aliyewahi kuniuliza. Wanachotazama ni shahada na transkripti. Kwa hiyo tatizo lako ni herufi moja. Nenda kwenye cheti cha kuzaliwa. Kama kinakubaliana na shahada, kosa liko kwenye pasipoti: rudi Uhamiaji. Shilingi 150,000 inauma, najua, lakini kitabu utakaa nacho miaka 10. Kama cheti cha kuzaliwa kinakubaliana na pasipoti, basi panda chuoni ukaulize utaratibu wa kurekebisha. Chuo kikigoma kabisa ndipo uende kwa wakili ule kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Watu wetu hukimbilia kiapo kwanza kwa sababu kinapatikana siku hiyohiyo. Kiapo ni kiraka. Nacho kitataka mihuri yake, na kila ukibadili shule utaanza kueleza upya mbele ya mtu mwingine asiyekuelewa.

Usigonge muhuri hata mmoja kabla jina halijakaa sawa, maana utakuja kurudia yote. Likikaa sawa, njia ni wakili kuthibitisha nakala, kisha Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ubalozi wa Thailand, ambao kwa Tanzania ni ule wa Nairobi. Hiyo safari ya karatasi ina gharama, kwa hiyo waulize shule kwa maandishi ni zipi hasa wanataka zipite huko. Wengine wanataka shahada peke yake. Na ile shahada halisi ukija unaishika mkononi, siyo kwenye begi la kupakia.

Kitu ambacho hakimo kwenye orodha yako na utakihitaji: barua ya chuo inayothibitisha kwamba ulihitimu, yenye barua pepe ya ofisi ya msajili ambayo kweli kuna mtu anaifungua. Ruhusa ya kufundisha huku inatoka kwa baraza la walimu, Khurusapha, na shahada yako inaweza kuhakikiwa kwa kuandikiwa chuo. Ofisi isiyojibu itakutesa ukiwa mbali, huna hata mtu wa kumtuma akagonge mlango. Fika mwenyewe, jaribu kuwatumia ujumbe ukiwa umesimama palepale kaunta.

TEFL sasa. Serikali ya huku kwa mwalimu inataka shahada. TEFL ni matakwa ya shule. Wewe umesomea ualimu, umefanya mazoezi ya kufundisha, unajua kuandaa andalio la somo. Chukua ya bei nafuu, saa 120, yenye namba ambayo mwajiri anaweza kuihakiki mtandaoni. Hela weka kwenye mtihani. Wana orodha yao ya nchi wanazoziona ni za wazawa wa Kiingereza. Afrika Kusini imo, sisi hatumo, kwa hiyo tunapimwa. Mtihani wa TOEIC, alama 600, ndio utakaousikia sana. Mtihani wa IELTS pia unapokelewa, na huo unaufanyia hapo Dar kupitia British Council. Yote mawili matokeo yake yanahesabika kwa miaka 2 tu, usifanye mapema mno. Mimi nimefundisha kidato cha tano na sita, halafu nikavishwa vipokea sauti nipimwe kama naelewa tangazo la ndege kuchelewa. Nilinyamaza nikajaza visanduku.

Tabia njema ya polisi iache karibu na mwisho, nayo inazeeka. Shule nyingi hazitaki iliyozidi miezi 6.

Huyo wakala mkimbie. Kibali cha kazi hukamilishwa na shule wewe ukiwa tayari Thailand, na ada yake ya mwaka ni baht 3,000, mtafute mtu akupigie hesabu uone dola 1,200 zinakwenda wapi. Kinataka pia cheti cha daktari wa hukuhuku kwamba huna kifua kikuu, ukoma, matende, kaswende, wala si mlevi wa kupindukia wala mtumia dawa za kulevya; sasa huyo wa Dar atakupimia wapi? Njia halali ni hii: shule inakutumia barua ya mwaliko na karatasi zake za usajili, unaomba viza ya Non-B, ile ya kazi, mtandaoni, unapewa siku 90, ndani ya hizo shule inashughulikia kibali na kukuongezea muda wa kukaa. Ukishika chaki kwa viza ya utalii unavunja sheria tangu kipindi cha kwanza, na anayefukuzwa ni wewe, mwalimu mkuu anabaki ofisini kwake.

bahari_ya_kilifi:

Nikazie hapo kwa wakala. Sisi Kenya tumelia na hili. Mwaka 2025 kuna vijana wetu walitolewa Myawaddy, upande wa Myanmar, kwenye yale makambi ya utapeli wa mtandaoni, na wengi waliondoka Nairobi wakiambiwa wanaenda kazini Thailand. Tafuta namba ya hiyo shule mwenyewe, si ile uliyopewa, upige. Na ujue jiografia: Nakhon Ratchasima, wenyewe wanaiita Korat, iko kaskazini-mashariki ya Bangkok. Ukipokelewa uwanjani na gari likashika njia ya Tak na Mae Sot, huko ni magharibi, mpakani na Myanmar. Shuka kwenye kituo cha mafuta cha kwanza chenye watu.

Jingine, kadi ya homa ya manjano. Sisi na nyinyi tuko kwenye orodha ya Thailand ya nchi zenye homa hiyo, unaonyesha kadi kabla ya kufika dirisha la uhamiaji. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Kama ulishachanjwa zamani kadi haiishi muda, usikubali kuchomwa tena.

Wakenya mnaosoma: kwetu hati ya tabia njema ni cheti cha DCI, idara ya upelelezi, mnaomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, mnachapisha fomu ya C24 kwenda nayo kwa alama za vidole.

Mwalimu_wa_Moro:

Dada Mama Isaan, shikamoo, na asante. Ndugu wa Kilifi pia. Nimempigia mama, amefungua sanduku: cheti cha kuzaliwa na shahada vinafanana. Kwa hiyo ni pasipoti. Wakala nimemwambia nimeghairi, ameshusha hadi dola 700. Ninachohofia ni Mei, nitafika kweli?

Mama_Isaan:

Marahaba. Akishuka hadi 300 bado mkimbie.

Mei inawezekana ukianza Jumatatu, ila usimuahidi mtu. Muhula wa pili unaanza karibu na Novemba, na shule nzuri itakusubiri kuliko kupokea mtu mwenye viza ya kuungaunga. Ila mwandikie mwalimu mkuu leo usiku kwamba pasipoti inabadilishwa na namba mpya utamtumia. Barua ya mwaliko huandikwa kwa namba ya pasipoti. Akishaitoa kwa ile ya zamani, mtaanza upya wote wawili.