Naombeni ushauri: nina saa 19 Dubai nasubiri ndege ya pili, nizitumieje?

Alizeti Safi (mleta uzi)
Wakuu salaam. Mwezi ujao nasafiri kwenda Mumbai kuangalia mashine za kukamua alizeti. Sijawahi kutoka nje ya nchi, ukiacha Namanga. Dubai nafika saa kumi na moja alfajiri, ndege ya pili inaondoka saa sita usiku. Sasa nipo njia panda: nikae humohumo uwanjani au nitoke nikaone mji? Mmoja kaniambia pale ndani unalala hata chini hufukuzwi, mwingine kasema chai na andazi tu vitanimalizia hela ya kula wiki nzima. Na hapo Deira ni mbali? Ningependa kufika. Naombeni uzoefu, matusi hapana.

Kiti cha Dirishani
Toka mkuu, utakaaje kwenye viyoyozi siku nzima kama samaki? Ukishukia Terminali 1 au 3, metro, treni yao ya mjini, iko hapohapo. Panda Red Line mpaka Union, badili Green Line, kituo kimoja tu umefika Baniyas Square, hiyo ndiyo Deira yenyewe. Zunguka soko la dhahabu, halafu shuka kwenye Khor, ule mkono wa bahari, upande abra, zile mashua zao, dirham 1 unavuka mpaka Bur Dubai. Kuna Wapakistani wanapika biriani huko, utasahau na mashine. Burj Khalifa itazame kutoka chini, mita 828 zote unaziona bure, wanaolipa ni wa kupanda juu. Ila usitafune kitu ndani ya metro, hata bigijii. Faini yake dirham 100 na hawana utani.

Mama wa Ngarenaro
Mwanangu, hela ya mashine haitaliiwi. Kaa ndani. Mimi nilisubiri pale nikiwa na mtoto mgongoni, nilikuwa na kanga mbili, moja natandika, nyingine tunajifunika, maana ile baridi ya ndani si ya mchezo. Waifai ni ya bure. Soketi zao ni za matundu matatu kama zetu, chaja yako itaingia. Chupa tupu ya maji beba, utajaza kwenye mabomba ya kunywea. Na kama una dawa za maumivu zenye codeine au tramadol, ziache nyumbani, kule watu wamefungwa kwa vidonge walivyoandikiwa na daktari. Huyo mtoto sasa yuko chuo, namshukuru Mungu, ingawa simu hapigi mpaka ada iishe.

Mzee wa Kagoo
Kabla hamjamzungusha mji mzima, naomba nimuulize mleta uzi vitu viwili. Tiketi yako ni moja au mbili? Na viza ya Falme za Kiarabu unayo?

Alizeti Safi
Tiketi zote zimelipwa mkuu, na viza ya India imeshatoka. Hapo sina wasiwasi. Nauliza tu kuhusu kupoteza muda.

Mzee wa Kagoo
Sijauliza kama zimelipwa.

Bwana Njaa
Navuta kiti.

Alizeti Safi
Haya, ni mbili. Ya kwanza inashuka Dubai, ya pili inaanzia Sharjah. Aliyenikatia kasema ni palepale, nusu saa kwa taksi, na nimeokoa karibu laki nne. Sasa hapo kosa liko wapi? Kila mtu si anatafuta unafuu?

Mzee wa Kagoo
Sikiliza kijana, maana ulichouliza na ulicho nacho ni vitu viwili tofauti. Dubai na Sharjah ni falme mbili zenye viwanja viwili, na hakuna mlango wa ndani wa kukutoa kimoja kwenda kingine. Lazima upite uhamiaji, uingie nchini, uchukue begi lako mwenyewe, ukaanze upya Sharjah. Kwa pasi yetu huingii bila viza. Kwa hiyo swali la kulala chini halipo: kaunta ya Dar wakiona tiketi yako inaishia Dubai na viza huna, hawakupandishi.

Dawa yake ipo. Kuna viza ya wapita njia, ya saa 48 haina ada, ya saa 96 ni dirham 50. Ila huombi ukifika. Inaombwa kabla ya safari kupitia shirika la ndege la hukohuko Falme za Kiarabu, na lazima uonyeshe tiketi ya kuendelea nchi nyingine. Kawaulize wa ndege ya kwanza leo, usisubiri wiki ya safari.

Halafu mashirika mengi ya bei nafuu yanashukia Terminali 2, ambayo haina metro. Angalia tiketi yako vizuri kabla ya kukariri ramani ya huyu wa dirishani.

Kiti cha Dirishani
Mimi nilijibu nilichoulizwa.

Mswahili wa Ruwi
Nyinyi mnajitesa bure. Angepitia Muscat, Oman, angekuja hapa Ruwi akala wali wa nazi na kuongea Kiswahili mpaka na muuza duka. Mimi babu yangu alizaliwa Pemba, mama yangu Unguja, na mpaka leo nyumbani kwetu mtoto anagombezwa kwa Kiswahili. Kiarabu ni cha shuleni. Mwaka jana alikuja jamaa mmoja wa Tanga akidhani atakosa wa kuongea naye, akaondoka kaposa.

Bwana Njaa
Alizeti, umesikia? Muscat unarudi na mashine na mke.

Dokezo
Mimi nasema hii ni chai. Tena chai ya maziwa na tangawizi. Moja, Air Tanzania ina safari ya Dar kwenda Mumbai moja kwa moja. Mtu mwenye hela ya mashine azungukie jangwani na tiketi mbili kwa sababu ya laki nne? Mbili, nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwaka jana alikuwa anaomba ushauri wa kuku wa mayai na kusema mtaji umekata. Tatu, mtu wa mara ya kwanza anaijua vipi Deira kwa jina? Mbona hakuuliza fukwe wala maduka makubwa? Huyu anaandika hadithi, au kuna mzigo anaenda kuchukua.

Bwana Njaa
Hapo kwenye Deira hata mimi nilishtuka. Weka picha ya tiketi, jina ziba.

Mama wa Ngarenaro
Kama ni mzigo wa watu, mwanangu, achana nao. Wanakupa begi la nguo, nguo ni mbili, mengine siri yao.

Alizeti Safi
Mnanikosea. Hao kuku ndio waliokufa nikahamia alizeti, kwetu Singida ukiacha alizeti utafanya nini? Na mzigo si wa watu, ni wangu. Nina binamu Deira. Nilimtumia hela aninunulie simu nikauze mjini, boksi zima. Akasema zimekwama bandarini, mara mwenye kontena kafiwa, sasa hivi hapokei. Ndege ya moja kwa moja naijua, bei yake pia naijua. Hizi saa 19 nimezichagua mwenyewe. Nataka anione tu mlangoni pake, nisikie atasema nini. Haikuwa lazima kuyaanika hapa.

Dokezo
Sasa ndiyo imezidi kuwa chai. Ila endelea.

Kiti cha Dirishani
Kumbe mimi nilikuwa nampangia abra mtu anayekwenda kudai!

Mzee wa Kagoo
Mimi namwamini, kwa sababu kesi za hivi nimeziona Deira mpaka nimechoka. Nimepakia mizigo ya Kariakoo miaka mingi, na kila mwezi hakosi mtu wa kuja dukani kwa mwenzake na hasira. Bwana Alizeti, kule usipige kelele. Usimtukane hata kwa WhatsApp, matusi ya mtandaoni ni jinai kwao, wana sheria ya makosa ya mtandao ya 2021, na ukishtakiwa unaweza kuzuiwa kusafiri. Atakuwa na hela yako, na wewe ndiye utakayelala ndani. Chapisha risiti za kutuma hela na meseji zote, nenda mchana, ongea taratibu, mkiwa na mtu mzima wa tatu.

Na muda uhesabu kwa kurudi nyuma. Ndege ya saa sita usiku, uwe Sharjah saa tatu. Ile barabara ya Al Ittihad jioni haitembei, maana watu chungu nzima wanafanya kazi Dubai na kulala Sharjah kwa sababu ya kodi. Kuna basi la E303 kutoka Union mpaka kituo cha Al Jubail, ila na begi bora taksi. Saa kumi na moja jioni uwe umeshaondoka Deira, hata kama binamu anakwambia subiri kidogo.

Mama wa Ngarenaro
Mimi ningempigia mama yake binamu kwanza. Shangazi akilia kwenye simu, hela inarudi bila viza.

Alizeti Safi
Shangazi ndiye aliyesema nimwamini. Nimepiga simu shirika la ndege ya kwanza, wameniambia nilete pasi na tiketi zote mbili, watajaribu ile ya saa 96. Tiketi ya Sharjah hairudishwi hela, kwa hiyo safari iko palepale.

Mzee wa Kagoo
Vizuri. Anuani ya duka unayo?

Alizeti Safi
Alisema karibu na Baniyas Square.

Mzee wa Kagoo
Hiyo ni sawa na kuniambia duka lipo karibu na Kariakoo. Kila mlango pale ni simu. Huna karatasi yoyote?

Alizeti Safi
Alinitumiaga picha ya kadi ya dukani. Imeandikwa Kiarabu, ila namba zinasomeka.

Mzee wa Kagoo
Namba ya mezani inaanza na ngapi? Dubai ni 04.

Alizeti Safi
06.

Mzee wa Kagoo
Basi hana duka Deira. Hiyo ni Sharjah, au Ajman.

Bwana Njaa
Kumbe aliyekukatia tiketi anamjua binamu yako kuliko wewe.