Plasta za miguu za Shangazi Zena

*Kikundi: Ukoo wa Mkomani*

Shangazi Zena: Assalamu alaikum. Zile plasta za miguu nilizowaambia zimefika na boti ya mchana kutoka Mokowe. Unabandika kwenye nyayo ukilala, asubuhi unabandua. Zimeandikwa siki ya mianzi, tangawizi na mitishamba mingine. Ati zinavuta sumu mwilini.

Mwanaisha: Waalaikum salaam Shangazi. Na magaga je, zinatoa?

Shangazi Zena: Muuzaji asema zinalainisha pia. Nalala nazo usiku huu, inshallah kesho nawapa habari.

*Asubuhi*

Shangazi Zena: [picha] Tazameni wenyewe! Jana ilikuwa nyeupe pe, yeo nyeusi ti. Na miguu naihisi myepesi wallahi.

Ami Shee: Subhanallah. Uchafu wote huo umetoka mwilini?

Bibi: [ujumbe wa sauti]

Mwanaisha: Bibi auliza inanukaje.

Shangazi Zena: Yanuka moshi, Bibi. Kama nguo iliyokaa karibu na tanuri la makaa.

Mama Fatma: Zena niwekee mbili. Hii sukari yanisumbua, usiku nyayo zawaka moto, na siku nyingine ukinigusa sisikii kitu.

Fatma Nesi: Mama, tafadhali usibandike chochote kwanza. Nimetoka zamu sasa hivi. Shangazi, umebakisha plasta mpya?

Shangazi Zena: Zipo, mwanangu.

Fatma Nesi: Chukua moja, usiivae. Iweke kwenye sahani, inyunyizie maji ya vuguvugu kidogo, uiache hapo.

Ami Shee: Yataka nini tena hayo?

Fatma Nesi: Subiri Ami, utaona.

Shangazi Zena: [picha] Jamani. Imeanza kahawia, sasa yawa nyeusi. Na harufu ni ile ile.

Fatma Nesi: Na hapo hakuna mguu wa mtu. Ule unga ndani hubadilika rangi ukipata unyevu. Nyayo zina vitundu vingi vya jasho, ukizifunika usiku kucha lazima zilowe. Hata huo moshi unaounusa una sababu: siki ya mianzi hupatikana kwa kukusanya moshi wa mianzi inapochomwa kuwa makaa, ukapozwa mpaka ukawa maji. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, na figo hutoa taka kwa mkojo. Marekani, mwaka 2009, tume yao ya biashara iliwapeleka mahakamani wauzaji wa plasta kama hizi kwa madai hayo hayo ya kuvuta sumu.

Ami Shee: Lakini Fatma, dawa za miti si za kudharauliwa. Wazee wetu wamejitibu kwa mwarobaini, kwa hina, kwa mafuta ya mbarika.

Fatma Nesi: Sizidharau, Ami, mimi mwenyewe nimelelewa nazo. Hina safi sina neno nayo. Piko ile nyeusi iliyotiwa rangi ya nywele ndiyo siitaki, nimeona mabiharusi wametoka malengelenge miguu mizima. Kila dawa naiuliza jambo moja: yafanya lile inalodai? Hii haifanyi.

Shangazi Zena: Na huu wepesi ninaousikia?

Fatma Nesi: Siubishi Shangazi, mwili ni wako. Wewe huna sukari na ngozi yako nzima. Ukitaka kumaliza pakiti sikukatazi, ila ukiwashwa bandua mara moja. Mama ndiye ninayemwogopea. Sukari ya muda mrefu huua hisia za miguu. Gundi ikimbandua ngozi hatajua, na kidonda cha mwenye sukari kinaweza kufika hata kukatwa mguu.

Mama Fatma: Sasa nifanyeje na magaga haya?

Fatma Nesi: Mama, kila siku osha miguu kwa maji ya vuguvugu, uyapime kwa kiwiko maana nyayo zitakudanganya. Usiloweke muda mrefu. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole, kisha paka mafuta ya mgando juu na chini, lakini katikati ya vidole usipake, pakikaa na unyevu pataota fangasi. Wembe kwenye magaga ni haramu kwako! Usitembee pekupeku hata uani. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa, kijiwe kidogo tu kinaweza kukutoboa usijue. Na kila usiku weka kioo chini uzitazame nyayo, au mwite Mwanaisha akutazamie.

Mwanaisha: Niko naye hapa. Nimemwangalia. [picha] Dada, kisigino cha kushoto kina ufa mrefu, ndani pekundu, na soksi ina alama ya damu.

Mama Fatma: Wala sikuusikia kuuma.

Fatma Nesi: Ndiyo maana, Mama. Mwanaisha, osha kwa maji safi, funika kwa kitambaa safi kikavu, usitie dawa yoyote, si ya duka si ya mti. Aende hospitali asubuhi hii hii, asingoje siku ya kliniki.

Ami Shee: Natandika punda sasa, naja kumchukua. Asikanyage chini.

Shangazi Zena: Nami nafuatana nao. Fatma, abebe nini?

Fatma Nesi: Kadi yake ya kliniki, dawa zote anazomeza, na zile ndara anazovaa kila siku. Nataka kuzitazama soli.