Tupeane uzoefu: msichana wa kwenu alipoanza kuugua akili, nyumbani mlimwambia nini?

Jana usiku niliangalia filamu ya kitambo ya Uingereza, Family Life ya Ken Loach, ya 1971, na usingizi ulinikataa. Msichana anaitwa Janice, anapata mimba mamake anamsukuma aitoe, akianza kuchanganyikiwa anapelekwa hospitali. Kuna daktari alikuwa anawaketisha wagonjwa waongee, huyo akaondolewa, msichana akaanza kupigwa shoti za umeme. Mwisho anawekwa mbele ya wanafunzi wa udaktari kama mfano na haongei kabisa. Lakini kilichonimaliza ni yule mama, juu si mtu mbaya, kila kitu anafanya akidhani anamsaidia mtoto. Mamangu mtupu.

Sisi ni wa mtaa wa Umoja. Dadangu alianza akiwa fomu thri, haogi, anazima TV ati mtangazaji anamsema. Baba akasema ni ukaidi, mama akasema ni mapepo, tukaenda kesha kila Ijumaa karibu mwaka mzima na wao wawili wakigombana njia yote. Mimi nilimwambia mbele ya wageni "wewe utaishia Mathare", yaani ile hospitali ya wagonjwa wa akili, vile tunasemanga hapa Nairobi, na miezi miwili baadaye mimi ndiye nilimshika mkono kwa matatu ya Thika Road tukienda hukohuko. Siku ametulia akaniuliza, mlikuwa mnaniombea kila wiki, mbona hakuna mtu aliniuliza nasikia nini?

Nyinyi je?

Mama wa Kayole: Mimi ndiye mama wa hiyo filamu. Binti yangu aliniambia sauti moja anayosikia ni yangu, nikigomba. Nilikasirika wiki nzima. Daktari akanieleza ugonjwa sikuuleta mimi, lakini nyumba ya kelele inaurudisha haraka, hapo nikalia. Siku hizi nikisikia hasira inapanda natoka nje nakunja nguo, hata zile hazijakauka.

Wa Kawangware: Ya kwetu ni dawa. Dadangu alipewa haloperidol, dawa ya wanaosikia sauti, siku ya pili shingo ikapinda na macho yakaangalia juu, mjomba akasema mnaona sasa, pepo limejitokeza. Tukakaa na yeye hivyo usiku kucha tukimwimbia!! Kumbe ni dawa ilikaza misuli, asubuhi nesi akamdunga sindano na baada ya muda mfupi shingo ikarudi, akaongezewa benzhexol, dawa ya kulegeza hiyo misuli. Tafadhali mkipewa dawa ulizeni itamfanyia nini mwilini kabla mtoke hapo. Uoga wa ule usiku ndio ulifanya akatae dawa miaka miwili.

Mimi mwenyewe mgonjwa, Githurai: Niko na bipola, ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Nimesoma zenu zote na nawashukuru, lakini wacha niseme ya upande huu. Nikicheka sana nyumbani wanaangaliana. Nikilia, wanaangaliana. Juzi kakangu alikula chakula chenye nilijiwekea, nikalalamika kama mtu yeyote, mama akaniletea maji na kuniuliza "umemeza dawa?" Nilikuwa nimemeza. Nilikuwa na njaa.

Wa Umoja (mwenye kuanzisha): Hii ya Githurai imenikalisha chini. Leo asubuhi dadangu alibamiza mlango na hilo ndilo swali nilimuuliza, neno kwa neno. Natoka kazini saa kumi na moja, nikifika namuuliza kuhusu mlango.