Mchezo wa mezani unamsaidia mtoto kweli?

Mama Wawili: Wadau, kijana wangu ana miaka 9, simu haachi, hesabu imemlemea, nataka kumnunulia mchezo wa mezani lakini babake anasema ni kuharibu pesa. Nianze na gani?

Mzee wa Kete: Dada anza na bao na hata usinunue, chimbeni mashimo kwa mchanga. La Kiswahili lenyewe lina mashimo 32 na kete 64, sheria zake ni nyingi, so muanzishie bao la kitoto kwanza. Kabla ashike kete lazima ahesabu zitaishia wapi. Wangu alikuwa anahesabu na kidole, siku hizi anaangalia tu anajua.

Njoro: Scrabble pia, ule wa kuunda maneno kwa vibao vya herufi zenye pointi, anajumlisha pointi kwa kichwa bila kujua anasoma. Lakini keti naye, usimwachie.

Shiro wa Kasa: Kule Essen, Ujerumani, kuna maonyesho makubwa ya michezo hii, yalianza 1983, familia zinakaa mezani zinajaribu michezo mipya. Sisi tukutane tu Jumamosi Uhuru Park, Nairobi, kila mtu abebe wake.

Mama Wawili: Nitakuja naye. Mchanga tumeshapata.